Kangal: Mbwa anayelala zizini na mbuzi

MFUGAJI anayepoteza mbuzi kwa fisi, chui au duma mara nyingi huwaza mtego au sumu. Nchini Namibia wafugaji wengi wamepata njia nyingine: mbwa mkubwa mwenye asili ya Uturuki, ambaye kazi yake ni kukaa na mifugo usiku na mchana.

Chimbuko lake

Mbwa huyo, Kangal, amechukua jina la wilaya moja ya mkoa wa Sivas, katika nyanda za juu za Anatolia. Huko adui wa kondoo ni mbwa mwitu, na wachungaji huwavisha mbwa wao mikanda ya chuma yenye miba shingoni ili adui akose pa kuuma. Dume huweza kufikia kilo 50 hadi 65. Manyoya yake ni ya rangi ya mchanga na uso ni mweusi, ndiyo maana Waturuki humwita pia Karabaş, yaani kichwa cheusi. Ndugu zake waliopelekwa Marekani hujulikana huko kama Anatolian Shepherd.

Tabia yake

Huyu si mbwa wa kuswaga. Hutembea na kundi, hubweka, na hujiweka kati ya kundi na mnyama mkali. Mara nyingi hilo hutosha, kwani mnyama anayewinda hukwepa kuumia. Huamua mwenyewe bila kungoja amri, na hapo ndipo ulipo ugumu wake: anayetaka mbwa wa kutii kila neno atasumbuka.

Siri iko katika malezi. Mtoto wa mbwa huwekwa zizini akiwa na umri wa wiki 8 hivi, ili awaone mbuzi kuwa jamaa zake. Akilelewa jikoni, atalinda jikoni.

Somo la Namibia

Katika miaka ya 1980, maelfu ya duma waliuawa au kukamatwa katika mashamba ya Namibia. Shirika la Cheetah Conservation Fund, lililoanzishwa mwaka 1990 na Laurie Marker, lilianza kuwagawia wafugaji mbwa hawa mwaka 1994. Hadi mwaka 2001 lilikuwa limegawa mbwa wengi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, asilimia 73 ya mashamba yaliyotoa majibu yalieleza kuwa hasara ilipungua sana. Hata hivyo, baadhi ya mbwa walikuwa wakiliacha kundi na kurudi nyumbani, au kukimbiza wanyamapori, ikabidi warekebishwe.

Je, analipa?

Chukulia mfugaji anayepoteza mbuzi 10 kwa mwaka. Mbwa akizuia nusu ya hasara hiyo, mbuzi 5 hubaki zizini, na majike huendelea kuzaa. Upande wa pili kuna chakula cha kila siku, chanjo ya kichaa cha mbwa na maradhi mengine, dawa za minyoo na kupe, pamoja na muda wa mchungaji. Gharama hizo zikizidi bei ya mbuzi 5, mbwa ni hasara nyingine. Tena mwaka wa kwanza ni wa kulea tu, maana mbwa huyu huchelewa kukomaa. Mwenye mbuzi sita anayepoteza mmoja kwa mwaka atanufaika zaidi na zizi imara la miiba.

Afrika Mashariki nako mbwa wa ukoo huu wamejaribiwa, wakiwemo waliopelekwa kwa wafugaji wanaopakana na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, Tanzania. Mbwa wa kigeni huweza kuathirika vibaya na magonjwa yaenezwayo na mbung'o na kupe, hivyo ushauri wa daktari wa mifugo utangulie ununuzi.

Botswana imeonyesha njia iliyo nafuu zaidi. Huko mbwa wa kienyeji wa Kitswana hulelewa zizini tangu wadogo na hulinda mbuzi, huku wakila kidogo na kustahimili mazingira waliyozaliwa. Kwa mfugaji mdogo, basi, si lazima kununua Kangal. Anaweza kuanza na mtoto wa mbwa wa jirani, mradi amlaze na mbuzi tangu wiki ya 8, amlishe hukohuko zizini na asimkose chanjo.