Kampuni zikipigania pesa yako, wewe unapata nini?

Pengine una laini mbili. Moja ni ya kupiga simu na kununua bando kwa sababu ni ya bei nafuu. Nyingine huwezi kuiacha kwa sababu iko na M-Pesa na watu wote wanakujua kwa namba hiyo. Wakenya wengi wanaishi hivyo, na kampuni zinajua. Kila ofa inayoingia kwa SMS na kila ada inayoshushwa inalenga kitu kimoja: pesa yako ikae wapi, na ipitie wapi.

Sisi pia tumo kwenye mashindano haya, kwa hivyo tunaeleza tukiwa ndani. Ukielewa vile kampuni hufikiria soko linapobadilika, utajua ofa ipi inakufaa na ipi inakuvuta tu.

Silaha ya kwanza ni bei

Agosti 2010, mdhibiti wa mawasiliano alipunguza pesa ambazo mitandao hulipana mteja akipigia mtu wa mtandao mwingine. Zain, ambayo leo ni Airtel, ikachukua nafasi hiyo na kushusha bei ya simu kutoka shilingi 6 hadi shilingi 3 kwa dakika. Safaricom ikalazimika kufuata. Vita vya panzi, furaha ya kunguru: wateja walipiga simu vile hawakuwahi kupiga.

Lakini Safaricom haikung'olewa kileleni. Sababu moja kubwa ni M-Pesa, iliyoanza Machi 2007. Mtu alinunua laini ya pili ya simu za bei rahisi, ila ile ya kwanza hakuitupa. Karo, kodi ya nyumba na pesa za wazazi mashambani zilipitia huko. Hata ilipokubaliwa mwaka 2011 kuhama mtandao ukiwa na namba yako ile ile, akaunti ya M-Pesa haikuhama nawe.

Hapo kuna somo ambalo kila kampuni hulijua. Bei inaweza kuigwa kwa siku chache. Mawakala walio kila kona, na mazoea ya watu, haviigwi haraka hivyo.

Silaha ya pili ni bidhaa mpya

Kampuni ikiona bei pekee haitoshi, inatafuta kitu kingine cha kukushika. Novemba 2012, Safaricom na benki ya CBA zilileta M-Shwari, ukaweza kuweka akiba na kukopa kwa simu bila kupanga foleni. Mwaka 2019 ikaja Fuliza, inayokujazia pesa zikipungua unapolipa au kutuma.

Benki nazo hazikukaa kutazama wateja wakienda. Equity ilileta Equitel, laini inayotumia minara ya Airtel. Ilikuja hata na laini nyembamba ya kubandikwa juu ya ile uliyo nayo, ili usilazimike kuchagua. Mwaka 2017, benki zikaungana kwa PesaLink, mteja akaweza kutuma pesa kutoka benki moja hadi nyingine papo hapo.

Milango ilipofunguliwa

Zamani wakala wa M-Pesa hakuruhusiwa kuhudumia mtandao mwingine. Hilo liliisha mwaka 2014, baada ya Mamlaka ya Ushindani kuingilia kati. Aprili 2018, wateja wa Safaricom na Airtel wakaanza kutumiana pesa moja kwa moja kwenye akaunti zao za simu. Kabla ya hapo, aliyetumiwa kwenye mtandao mwingine alipata SMS yenye namba ya siri, kisha akatafuta wakala wa kumpa pesa. Mwaka 2022, mitandao ikaanza kufunguliana till pia.

Kwa mama mboga, hiyo inamaanisha hapotezi mteja kwa sababu ya laini aliyo nayo. Kwa kampuni, inamaanisha haiwezi tena kukushika kwa kukufungia mlango. Lazima ikushike kwa huduma.

Bure nayo ni mkakati

Machi 2020, corona ilipoingia, ada ya kutuma pesa chini ya shilingi 1,000 iliondolewa ili watu wapunguze kushika noti. Nafuu hiyo iliisha mwaka huo ulipoisha, lakini kutuma hadi shilingi 100 kwa M-Pesa kukabaki bure. Watu walikuwa wameshazoea kulipa vitu vidogo kwa simu. Bure ya leo mara nyingi hujenga mazoea ya kesho. Si jambo baya, mradi ujue.

Jinsi ya kufaidika

- Hesabu safari yote ya pesa. Kutuma kunaweza kuwa bure, lakini mwenzako akikatwa sana anapotoa, au akitembea mbali kutafuta wakala mwenye floti, hamjaokoa kitu. Jumlisha ada ya kutuma na ya kutoa, ndipo ulinganishe.
- Uliza ofa inaisha lini. Angalia ada za kawaida kwenye menyu ya simu kabla hujahamisha biashara yako yote.
- Ona mkopo kama kitu unachonunua. M-Shwari ilipoanza, ada ilikuwa asilimia 7.5, yaani ukikopa 2,000 unalipa 2,150 kwa siku 30. Ule unaotozwa kila siku unapanda kadiri unavyokawia kulipa. Badilisha kila ada iwe shilingi, kisha uamue.
- Soma jina kabla ya kuweka PIN. Ni muhimu hasa ukituma mtandao mwingine, maana kurudishiwa kunaweza kuchukua muda.
- Kama una laini ya pili, iweke hai. Mtandao mmoja ukikwama, biashara yako haisimami.

Kampuni hushusha bei au kuboresha huduma zinapoona mteja anaweza kuondoka. Ukilinganisha ada kabla ya kutuma, hata kama utabaki pale pale ulipo, unatukumbusha sisi wote kwamba unaweza.