Simu Ikilia, Usile Mtaji: Ubongo Wako Unavyokuamulia Biashara

Leo tuongelee kitu kinachomaliza mitaji ya wengi wetu hapa Nyamagana, kuanzia Igoma mpaka Buhongwa.

Chukulia unauza magauni mtandaoni. Gauni umelichukua Makoroboi kwa 16,000, umeliuza 25,000, bodaboda umelipa wewe 2,000. Simu inalia, meseji ya muamala: umepokea 25,000. Raha tupu! Jioni unachukua chipsi kuku, unamrushia mdogo wako ya vocha, unaongeza bando. Faida yako ilikuwa 7,000 tu, ila ubongo umeshangilia 25,000. Wiki ikiisha magauni yamekwisha na hela ya kurudi kuchukua mzigo haipo.

Hapo usijilaumu kwamba una roho ya matumizi. Ubongo wa kila mtu umeumbwa hivyo.

Ndani kabisa ya ubongo kuna seli zinazotoa kemikali inaitwa dopamini. Mwanasayansi Wolfram Schultz alizichunguza kwa tumbili. Mwanzo tumbili akipewa juisi ghafla, seli zinaruka kwa nguvu. Baadaye taa ikawa inawaka kwanza, ndipo juisi inakuja. Tumbili alipozoea, seli zikawa zinaruka taa inapowaka. Juisi yenyewe ikija, zimetulia tu. Na siku taa ikiwaka halafu juisi isije, seli zinanywea palepale, kwenye ule muda ambao juisi ilitakiwa kufika.

Maana yake ubongo unapima ulichopata ukilinganisha na ulichotarajia. Ukipata zaidi, unasema "rudia hiki". Ukipata pungufu, unasema "achana nacho". Schultz na wenzake wawili walieleza hesabu hiyo mwaka 1997, na 2017 akapata Tuzo ya Ubongo pamoja na Peter Dayan na Ray Dolan.

Sasa tuilete kwenye biashara yetu.

1. MLIO WA SIMU NDIYO TAA YAKO
Laiki, "bei gani?" na "nipo inbox" zinakupa raha kabla hujaona hata mia. Ndiyo maana mtu anaposti siku nzima akijiona anafanya kazi, kumbe hajauza. Kila usiku andika namba mbili kwenye daftari: nimeuza ngapi, faida ngapi. Posti ya kurudia ni ile iliyoleta hela. Yenye laiki nyingi bila mauzo, iache ipite.

2. BELO LINAKUCHEZEA AKILI
Mwaka 2003 Schultz na wenzake walionyesha kwamba wakati wa kusubiri, seli hizo huchangamka zaidi pale nafasi ya kupata na kukosa ni nusu kwa nusu. Wauza mitumba mnaijua hiyo: presha ya kukata kamba za belo kuona kama ndani kuna grade one au matambara. Utamu wa kusubiri hauna uhusiano na faida. Kabla hujanunua belo lingine, kaa na daftari uhesabu matatu ya mwisho kwa jumla yameingiza nini. Lile moja lililokutajirisha lisikudanganye.

3. MTEJA NAYE ANA UBONGO
Ukimwambia mteja wa Ukerewe mzigo unafika leo, ukafika kesho, umemkata hata kama kesho si mbali. Sema kesho jioni. Ukifika kesho asubuhi, umemfurahisha bila kutoa hata senti. Zawadi nazo zisiwe za kila oda. Akizizoea hazimshtui tena, na siku usipoweka ataona umempunja.

4. TENGA HELA IKIWA BADO YA MOTO
Hili ndilo kubwa, na lina ushahidi ng'ambo ya ziwa letu. Magharibi mwa Kenya, Busia, wachumi Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson waliona wakulima wengi wanapanga kununua mbolea, ila msimu ukifika hela imeshaisha. Wakawafuata mara tu baada ya mavuno, hela ikiwa mkononi, wakawauzia mbolea kwa bei ya kawaida na kuwapelekea bure. Waliotumia mbolea wakaongezeka. Wengine walipopewa usafiri huohuo wa bure baadaye, muda wa kuweka mbolea shambani, haukusaidia kitu. Utafiti huo ulitoka mwaka 2011.

Wewe fanya hivyohivyo. Muamala ukiingia, kabla hujafunga simu, hamisha 16,000 ya gauni kwenye kibubu, au kwenye laini nyingine usiyotembea nayo. Kama una supplaya unayemwamini, lipia gauni lingine saa hiyohiyo. Nauli ya boda nayo itoe. Kinachobaki, ile 7,000, ndiyo ya kujadili: nyumbani, akiba, na chipsi kama zipo kwenye bajeti.

Usingoje jioni uamue kwa busara. Jioni kuna njaa, kuna watoto, kuna marafiki, na ubongo utachagua kilicho karibu.

Anza na oda ya kesho, moja tu. Ukimaliza wiki, hesabu mtaji wako kisha uje utuambie hapa umekuta nini.