Majani na Maganda ya Mjini Yanavyogeuka Mbolea

Ukipita soko la Mgandini, Tanga mjini, jioni wakati watu wanafunga biashara, tazama chini. Utaona machungwa yaliyooza kutoka Muheza. Utaona majani ya mgomba yaliyofungia mizigo, maganda ya muhogo na mabua ya mahindi. Nyuma ya nyumba za Makorora na Chumbageni utakuta majani ya mwembe yaliyofagiliwa asubuhi, na makuti makavu. Vitu hivi vyote vimetoka shambani, na vinaweza kurudi shambani vikiwa mbolea.

Katika miji yetu ya Afrika Mashariki, zaidi ya nusu ya taka ni za namna hii. Yaani lori la taka likipita mbele yako, zaidi ya nusu ya mzigo wake ni chakula cha udongo. Halmashauri inanunua mafuta ya lori ili chakula hicho kikatupwe jaani.

Basi kwa nini mbolea hiyo haitufikii sisi wa vijijini? Nitaeleza kwa kisa kilichonipata mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nasomesha kikundi cha kisomo katika kijiji kimoja upande wa Pangani. Udongo wa pale ni mchanga mtupu. Ukimwaga maji yanazama kama kwenye chujio. Nikawashauri wanakikundi wachange fedha, tuletewe lori moja la taka zilizooza kutoka jaa la mjini. Lori likaja. Kwa macho taka zile zilikuwa nyeusi, nzuri kabisa. Tukazitandaza kwenye bustani ya mchicha.

Siku ya pili bibi mmoja akakanyaga wembe.

Hapo ndipo tulipoanza kupekua. Tuliokota vipande vya chupa, betri za redio, sindano mbili za hospitali, na mifuko ya nailoni isiyo na idadi. Mchicha ule hatukuula, maana betri zina sumu inayoingia udongoni. Bibi aliuguza mguu majuma matatu. Nilipokwenda kumpa pole aliniambia, "Mwalimu, mbolea yako ina meno." Sikuwa na la kujibu. Fedha zilikuwa za wanakikundi, lakini shauri lilikuwa langu, na sikuuliza kama taka zile zilitenganishwa.

Kutenganisha ndiyo kazi yote. Taka zikishachanganyika, kuzichambua ni kazi ngumu na ya hatari. Lakini mama akiweka maganda kwenye ndoo moja na chupa kwenye kiroba kingine, pale pale jikoni, kazi imekwisha kabla lori halijafika.

Mfano wa kituo cha kazi hii uko Mabwepande, Dar es Salaam. Manispaa ya Kinondoni ilisaidiana na jiji la Hamburg, Ujerumani, kujenga kiwanda cha mbolea kinachotumia taka za masoko. Dar es Salaam na Hamburg ni miji rafiki tangu mwaka 2010. Angalieni kwamba wamechagua taka za masoko. Sababu ni kwamba sokoni ni rahisi kupata maganda na majani matupu. Katika taka za majumbani hujui utakutana na nini.

Kituo cha mbolea hakifanani na jaa. Jaani mtu anatupa na kuondoka. Kituoni kuna mlango na mtu wa kukagua. Lori likifika, mkaguzi anatazama kilichomo. Chupa, makopo na vyuma vinawekwa pembeni, maana vina wanunuzi wake wanaopima kwa kilo. Matawi yanakatwakatwa vipande vifupi, kwa panga au kwa mashine, kwa sababu tawi zima linaweza kukaa zaidi ya mwaka bila kuoza.

Halafu taka zinapangwa matuta marefu, kimo cha kifua cha mtu. Majani makavu yanachanganywa na maganda mabichi. Baada ya siku chache tuta linapata joto, hata nyuzi 60. Ukichomeka chuma na kukichomoa, huwezi kukishika. Joto hilo linaua mbegu za magugu na vijidudu vya magonjwa. Linatoka wapi? Ndani ya tuta mna viumbe vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Vinakula majani, na vikila vinatoa joto, kama watu wengi waliojazana chumba kimoja. Navyo vinataka hewa na maji. Kwa hiyo wafanyakazi wanageuza tuta kwa koleo kila baada ya majuma mawili au matatu, na kulinyunyizia maji. Chukua konzi moja, kamua. Tone moja au mawili yakidondoka, maji yanatosha. Yakichuruzika yamezidi, na tuta litanuka.

Baada ya miezi mitatu hivi tuta linapoa. Limekuwa jeusi, na harufu yake ni ya udongo wa msituni baada ya mvua. Linachekechwa, linatiwa kwenye viroba, linauzwa.

Sisi watu wa pwani tuna mambo mawili ya kuangalia zaidi. La kwanza ni nazi. Makumbi huoza polepole mno, kwa hiyo ni bora yasokotwe kamba au yawe kuni. Vifuu ni mkaa mzuri. Lakini vifuu visiachwe uani, maana vinashika maji ya mvua na mbu wa homa ya dengi anazaa humo. Mwaka 2019 dengi ilisumbua sana Dar es Salaam na hapa Tanga.

La pili ni chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa moyo wa mnazi. Chonga hutaga mayai kwenye magogo ya minazi yaliyooza, na pia kwenye marundo ya mbolea yaliyosahauliwa. Unapogeuza tuta utaona mabuu yake, meupe na manene kama kidole gumba. Yatoe, wape kuku. Kituo kisichogeuza matuta yake kitakuwa kinafuga chonga kwa minazi ya majirani wote, na kwa maoni yangu kituo cha namna hiyo ni heri kisijengwe.

Wanaodhani taka za mimea hazina faida wakumbuke mkonge wetu. Katika kilo 100 za majani ya mkonge, singa ni kama kilo 4 tu. Zilizobaki zilikuwa zikitupwa. Pale Hale ulijengwa mtambo wa kugeuza mabaki hayo kuwa gesi ya kuzalisha umeme, kilowati 150.

Kwa sheria ya mazingira ya mwaka 2004, kusimamia taka ngumu ni kazi ya halmashauri. Kwa hiyo kikundi kinachotaka mbolea ya mjini kimwone diwani au bwana afya. Kiulize taka zinatenganishwa wapi, na nani anakagua.

Kikundi chetu hakikukata tamaa. Sasa tunachukua maganda kwa wauza machungwa wawili tunaowajua, na tuta tunatengeneza wenyewe. Mkaguzi ni yule yule bibi wa wembe. Kabla mbolea haijaingia bustanini, anamwaga debe moja juu ya ungo na kupekua kwa kijiti. Mkono haingizi. Akimaliza anapanda mbegu chache za mchicha kwenye kopo la mbolea ile. Zisipoota ndani ya juma moja, tuta linarudi kungoja, hata kama mvua za masika zimekwisha anza na sisi tuna haraka.