Wanne Chumba Kimoja, Kengele Hakuna

Kila mwaka vyuo vya Tanzania vinapopokea mwaka wa kwanza, mageti ya hosteli hujaa mabegi, ndoo, na wazazi wanaouliza maji hutoka saa ngapi. Wengi wa wanaoingia si wageni wa bweni. Wamelala dabodeka miaka miwili ya kidato cha tano na sita, wengine sita mfululizo. Ndiyo maana hushangaa chumba cha watu wanne kinapowashinda, ilhali bweni la watu arobaini waliliweza.

Tofauti ni kengele. Shuleni taa ilizimwa na mtu mwingine. Matroni ndiye aliyekemea kelele, kiranja akapanga zamu ya kudeki, na wageni walikuwa na siku yao. Chuoni mambo hayo yote huachiwa watu wanne ambao jana hawakujuana. Mmoja ana kipindi saa moja asubuhi. Mwenzake anasoma mpaka saa nane usiku, taa inawaka. Wa tatu anazungumza na nyumbani huku simu ikiwa kwenye spika, na chumba kizima kinapata habari za shangazi yake. Ukutani soketi ni moja. Imechomekwa ekstensheni, na humo zinagombea simu nne, kompyuta mbili na pasi. Jiko la koili limefichwa chini ya kitanda, kwa kuwa kupika chumbani ni marufuku.

Wengi hudhani tatizo ni udogo wa chumba. Utafiti unaelekeza kwingine.

Miaka ya 1970, wanasaikolojia Andrew Baum na Stuart Valins walilinganisha mabweni ya aina mbili katika chuo kikuu cha Stony Brook, jimbo la New York. Katika aina ya kwanza, vyumba vya watu wawiliwawili vilipangwa kwenye korido ndefu, na zaidi ya wanafunzi thelathini walichangia bafu na sebule. Katika aina ya pili, wanafunzi wanne hadi sita walikuwa na bafu na sebule yao. Eneo kwa kila mwanafunzi lilikuwa karibu sawa. Hata hivyo wa korido ndefu walilalamika zaidi kwamba wanabanana, na walipowekwa kwenye chumba cha kusubiria pamoja na mtu wasiyemjua, walikaa mbali naye zaidi kuliko wenzao. Kilichowachosha ni kukutana na watu bila kuchagua nani, wapi na saa ngapi.

Kwa jicho hilo, suala la kubebana linaeleweka vizuri zaidi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata hosteli za Magufuli mwaka 2017, majengo 20 yenye nafasi 3,840, lakini wanaohitaji kitanda bado ni wengi kuliko vitanda. Aliyepata humbeba aliyekosa, wakalala wawili kitanda kimoja. Kanuni zinakataza, urafiki unaruhusu. Anayebeba anafanya wema wa kweli, maana kupanga mtaani ni gharama, na daladala za alfajiri hazina huruma. Ila wema huo unalipiwa na wenzake pia, na mara nyingi wao hawakuulizwa. Mtu yuleyule akiombewa nafasi mapema huonekana mgeni; akikutwa tu amelala huonekana mvamizi.

Kuna chuo kilichojaribu kuuliza kabla. Dartmouth, huko Marekani, kiliwauliza wanafunzi wapya kama wanavuta sigara, kama husikiliza muziki wakisoma, kama huchelewa kulala na kama ni nadhifu, kisha kikawagawia vyumba kwa bahati nasibu miongoni mwa waliofanana. Mchumi Bruce Sacerdote alipochambua matokeo, katika makala aliyochapisha mwaka 2001, aliona kwamba mwenza wa chumba huathiri alama za masomo kwa kiasi na uamuzi wa kujiunga na vikundi vya kijamii vya wanafunzi, lakini haathiri fani anayochagua mwenzake. Kwa hiyo mzazi anayehofia kwamba binti ataacha sheria kwa kumfuata mwenzake wa sanaa anaweza kupunguza wasiwasi. Ahofie zaidi usingizi wa binti huyo.

Maswali yale hayahitaji ofisi. Yanaulizika jioni ya kwanza, yakiongezewa ya kwetu: taa ya juu izimwe saa ngapi, nani anajaza ndoo maji yakikatika, mgeni akilala aombewe ruhusa kwa nani, sukari ni ya mtu au ya chumba. Wakishindwana kabisa, mshauri wa wanafunzi yupo, na kuhama chumba huwa rahisi kabla vitanda havijajaa.

Wiki ya kwanza ndiyo bora kwa mazungumzo hayo. Baada ya hapo boom, yaani fedha za mkopo za kujikimu, huchelewa, watu huanza kukopeshana nauli na unga, na mwanafunzi anayedaiwa elfu ishirini hapati ujasiri wa kumwambia mdai wake apunguze muziki.