Je, Wajua? Kimelea cha Malaria Huishi kwa Kupora Purini

Je, wajua kwamba kimelea cha malaria, kwa ukali wake wote, hakiwezi kujitengenezea purini? DNA hujengwa kwa nyukliotidi, na nusu ya herufi zake, yaani A na G, ni purini. Seli zetu huziunda juu ya sukari ya ribosi kwa hatua 10 hadi ipatikane nyukliotidi ya kwanza. Kazi hiyo hula nguvu nyingi, hivyo seli huona afadhali kuokota mabaki ya nyukliotidi zilizovunjika na kuyatumia upya. Kimelea hakina hiari hiyo. Kikishaingia kwenye chembe nyekundu ya damu hupora purini humo humo.

Herufi T lakini hujitengenezea chenyewe, na hapo ndipo kinaponaswa. Mama mjamzito anayemeza vidonge vya SP kliniki, muuguzi akimtazama, anameza dawa mbili zinazosaidiana: salfadoksini huzuia kimelea kutengeneza folati, na pirimethamini huzuia folati isifanyiwe kazi. Folati ikikosekana T haipatikani, DNA haikamiliki, na kimelea hakizaliani. Sisi folati tunaipata kwenye mchicha na maharage, kwa hiyo salfadoksini haituzuilii kitu. Usugu wa vimelea umeiondoa SP kwenye matibabu ya kawaida, ila kwa kinga ya wajawazito bado inatumika. Na jambo hili kila mjamzito anastahili kuelezwa: asidi ya foliki, yaani folati ya vidonge, ya miligramu 5 kwa siku hudhoofisha SP. Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 0.4.

Pirimethamini ilitoka kwenye maabara ya George Hitchings na Gertrude Elion, Marekani. Elion, ambaye babu yake alifariki kwa saratani, hakuwahi kusomea uzamivu hadi mwisho. Walitengeneza molekuli zinazofanana na purini ili ziikwamishe seli inapozitumia. Wakapata dawa ya saratani ya damu ya watoto, na alopurinoli kwa wenye jongo. Mwaka 1988 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na James Black.

Jongo lenyewe ni tatizo la kuvunja purini. Purini ikivunjwa hubaki asidi ya yuriki, na mamalia wengi wana kimeng'enya cha kuiyeyusha. Sisi tulikipoteza, na asidi ikizidi huganda kama sindano kwenye kidole gumba cha mguu.

Ndege nao huishia kwenye asidi hiyo: ule weupe kwenye kinyesi cha kuku ndiyo yenyewe. Miaka ya 1940 mtafiti John Buchanan, akitaka kujua purini hujengwa kwa vitu gani, aliwapa njiwa virutubisho vyenye atomi zilizotiwa alama, kisha akaichambua asidi ya yuriki kwenye kinyesi chao. Humo alizikuta kaboni za glisini na za kaboni dioksidi, kila moja mahali pake kwenye purini.