Saskia: Jina lililong'aa gizani

Je, msomaji, umewahi kukutana na msichana aitwaye Saskia? Ni jina la Kiholanzi, nalo ni nadra kulisikia huku kwetu. Hata hivyo, lina asili ya kale na kisa cha kuhuzunisha.

Saskia maana yake ni mwanamke wa Kisaksoni. Wasaksoni walikuwa kabila la kale la Kijerumani, na wataalamu wengi wa lugha husema kuwa jina lao lilitokana na kisu kirefu walichokuwa wakibeba. Kumbe ndani ya jina hili laini mna kisu!

Aliyelivumisha ni Saskia van Uylenburgh, aliyezaliwa mwaka wa 1612 mjini Leeuwarden, katika jimbo la Friesland. Babake aliwahi kuwa meya wa mji huo, lakini Saskia alibaki yatima angali mtoto. Mwaka wa 1633 alichumbiwa na mchoraji Rembrandt. Siku ya tatu ya uchumba wao, kijana huyo alimchora akiwa na kofia pana na ua mkononi. Walioana mwaka uliofuata.

Waholanzi wa siku hizo, sawa na jamii nyingi zetu, waliwapa watoto majina ya wazee wao. Kifungua mimba akaitwa Rombertus, jina la babake Saskia. Akafariki akiwa mchanga. Mwaka wa 1638 akazaliwa Cornelia, jina la mamake Rembrandt. Naye hakuishi. Mwaka wa 1640 wakapata msichana mwingine, wakamwita Cornelia tena. Huyo pia wakamzika.

Mwaka wa 1641 alizaliwa Titus, aliyepewa jina la Titia, dadake Saskia aliyekuwa amefariki miezi michache tu awali. Titus aliishi, lakini mamake aliaga dunia Juni 1642, akiwa na umri wa miaka 29.

Mwaka wa 1654 Rembrandt alipata binti na Hendrickje Stoffels. Alimwita nani? Cornelia, kwa mara ya tatu. Huyu alikua, akaolewa.

Wahenga walisema jina jema hung'aa gizani. Saskia angali anatabasamu katika picha za mumewe, na wazazi wa Uholanzi na Ujerumani wamewapa binti zao jina lake.

Wewe je, wajua jina lako lilitoka kwa nani? Muulize nyanya yako angali hai.