Gari Lisilo na Dereva Likigonga Mtu, Nani Aulizwe?



Wengi wetu tumesikia habari za magari yanayojiendesha yenyewe. Wengine hucheka na kusema ni uongo. Jamani, ni kweli. Katika mji wa Phoenix, huko Marekani, tangu mwaka 2020 wananchi hupanda teksi za namna hiyo. Kiti cha dereva ni kitupu na usukani unazunguka wenyewe. Leo tutaeleza gari hilo linavyofanya kazi, faida yake na hatari yake.

LINAIONAJE NJIA?

Gari hilo lina kamera zinazotazama pande zote. Lina pia vyombo vya kupima umbali wa kitu kilicho mbele, hata gizani. Habari zote hupelekwa kwenye kompyuta iliyomo ndani ya gari. Kompyuta husema: hiki ni gari, huyu ni mtu, ule ni mti. Kisha hukata shauri kwenda, kukata kona au kufunga breki. Lakini kompyuta inajua yale tu iliyofundishwa na watu.

FAIDA YAKE

Kompyuta hailewi, haisinzii, wala haigombani na abiria. Faida hiyo si ndogo. Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba mwaka 2021 watu karibu milioni 1 na laki 2 walikufa kwa ajali za barabarani duniani. Dereva mlevi au mwenye usingizi ameshatuzikisha ndugu wengi. Basi tusiikatae mashine kwa sababu tu ni ngeni.

MAMA NA BAISKELI YAKE

Sasa tutazame hatari yake. Usiku wa tarehe 18 Machi, 2018, katika mji wa Tempe, Marekani, kampuni ya Uber ilikuwa ikijaribu gari la namna hiyo. Mama mmoja alikuwa anavuka barabara huku anakokota baiskeli yenye mifuko. Mahali pale hapakuwa na kivuko. Gari likamgonga, akafa.

Serikali ikachunguza. Ikaonekana kwamba vyombo vya gari vilimwona mama yule zaidi ya sekunde 5 kabla ya kumgonga. Huo ulikuwa muda wa kutosha kupunguza mwendo. Lakini kompyuta ilibabaika. Kwanza ilisema ni gari. Halafu ikasema ni kitu kingine. Halafu ikasema ni baiskeli. Haikufundishwa kwamba mtu anaweza kuvuka mahali pasipo na kivuko. Tena, breki za dharura zilizowekwa na kiwanda zilikuwa zimezimwa wakati wa majaribio. Na mtu aliyewekwa kwenye usukani ili aliangalie gari, alikuwa anatazama simu.

Je, nani aliulizwa? Mwaka 2019 mwendesha mashtaka alisema haoni kosa la jinai la kampuni. Mwaka 2023 yule aliyekaa kwenye usukani alikiri kosa, akawekwa chini ya uangalizi kwa miaka 3. Kompyuta yenyewe haifungwi jela, haioni aibu, wala haiendi msibani kuwapa pole wafiwa.

NA SISI JE?

Hebu tufikiri juu ya barabara zetu za Kasulu na Kibondo. Lami inaleta mwendo mkali. Kandokando yake watu wanakokota baiskeli zenye mikungu ya ndizi na magunia ya mkaa. Watoto wanaswaga mbuzi. Vivuko ni vichache, kwa hiyo tunavuka popote. Kompyuta iliyofundishwa katika mji wa kigeni itamtambuaje mtu aliyefunikwa na mzigo wake?

Mashine zimeshaanza kuingia katika safari zetu. Mabasi yamefungwa kifaa cha kufuatilia mwendo. Basi likizidi mwendo uliowekwa, habari zinafika LATRA. Lakini kifaa hicho hakiendeshi basi. Dereva yupo, ana leseni, na akikosa anajulikana.

Basi sisi tunasema hivi. Magari yasiyo na dereva yakitaka kuja kwetu, kwanza yafundishwe barabara zetu na watu wake. Pili, sheria itaje mapema nani atajibu damu ikimwagika: mwenye gari, aliyelitengeneza, au aliyeliruhusu barabarani. Mambo hayo yasingoje mazishi ya kwanza. Mwenye kukokota baiskeli naye ni mtumiaji halali wa barabara.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini kompyuta haikumtambua mama yule?
2. Katika ajali ile, kosa la kampuni ni lipi, na kosa la mtu wa usukani ni lipi?
3. Kijijini kwetu, ni mahali gani pa barabara pa hatari zaidi? Tumeshaiambia serikali ya kijiji?